Askari Akaaye Katika Chozi

Leo nataka kuanza kwa swali dogo, ambalo kila mama mwenye kuku amelipita mara nyingi bila kulisimamia.

Kuku wetu wa kienyeji hulalia mayai yake siku 21. Nanyi mwajua joto la huku kando ya Ziwa Nyasa. Usipa ukitolewa ziwani asubuhi pale Matema, usipoanikwa upesi, jioni wanuka. Lakini yai, ambalo ndani yake mna chakula kizuri kupita usipa, hukaa majuma matatu chini ya kuku, katika joto na uchafu wa kiota, kisha kifaranga hutoka mzima. Kwa nini vijidudu havikuingia vikala chakula kile chote? Wala usiniambie ya kuwa ganda ni ukuta. Ganda lina vitundu vidogo vingi mno, maana kifaranga hupata hewa kwa njia hiyo. Basi mlango u wazi. Ni nani alindaye?

Jibu ni kwamba ute mweupe wa yai una walinzi wake, na mmoja wao jina lake ni lisozimu. Na mlinzi wa ukoo huo huo yumo mwilini mwako wewe msomaji. Yumo katika chozi, katika mate, katika kamasi, katika maziwa ya mama na ndani ya chembe nyeupe za damu. Nataka niwasimulie habari zake leo kwa sababu mwaka juzi mimi mwenyewe nilimdharau, na mtoto wa nyumbani kwetu ndiye aliyepata hasara.

KISA CHETU

Ilikuwa wakati wa kupura mpunga. Mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka sita, alikuwa akicheza karibu na turubai. Upepo ukavuma kutoka ziwani, kapi la mpunga likamwingia katika jicho la kushoto. Akalia, akalifikicha kwa nguvu. Kapi likatoka, lakini jicho likabaki jekundu.

Usiku ule mama yangu, ndiye bibi yake mtoto, akaleta majani aliyoyachuma nyuma ya nyumba. Akayatafuna, akayaweka katika kitambaa, akaniambia, “Mwanangu, mshike kichwa.” Nami niliyesoma chuo cha ualimu, niliyewahi kusimama mbele ya darasa nikifundisha habari za usafi, nikamshika kichwa. Sikutaka kumvunjia mama heshima. Tena, nawaambia kweli, nilikuwa nimeona wengi wakipona baada ya majani yale.

Siku ya tatu tukaona doa jeupe mbele ya mboni. Ndipo tukamkimbiza hospitali. Daktari alifanya kazi yake na kidonda kikafunga, lakini kovu likabaki pale pale mbele ya mboni. Kwa jicho lile mtoto anaona kama mtu achunguliaye katika ukungu wa asubuhi. Daktari hakutuambia kama vijidudu vililetwa na kapi au vililetwa na jani. Alituambia neno moja tu: “Mmepoteza siku tatu.”

ALIYEMWONA KWANZA

Sasa twende mbali kidogo, hata Ulaya, halafu tutarudi Kyela.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918, daktari mmoja mzaliwa wa Scotland, Alexander Fleming, alifanya kazi katika hospitali ya jeshi huko Boulogne, Ufaransa. Askari waliletwa wenye majeraha mabaya, na waganga wakayamiminia dawa kali za kuua vijidudu. Fleming alipima akaona jambo la ajabu. Katika jeraha lenye mashimo marefu, dawa ile haikuvifikia vijidudu vilivyojificha, lakini iliziua chembe nyeupe za damu, yaani walinzi wa mwili wenyewe. Kumbe mganga alikuwa akimsaidia adui bila kujua.

Vita ilipokwisha akarudi London, katika hospitali ya St Mary's. Mwaka 1921 alipatwa na mafua. Alichukua kamasi yake mwenyewe akaiweka katika kisahani alimokuwa akikuza vijidudu. Baada ya siku chache akaona ya kuwa karibu na kamasi ile vijidudu havikuota, na vile vilivyokuwapo vimeyeyuka. Akajaribu machozi, na machozi yakafanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi. Ili apate machozi ya kutosha, yeye na wenzake walijikamulia limau machoni, na wengine walilipwa senti chache kwa kulia. Mwaka 1922 alitangaza habari hizo, na kitu kile kikaitwa lisozimu, maana yake kimeng'enya kiyeyushacho. Ilikuwa miaka sita kabla Fleming huyo huyo hajaiona penisilini mwaka 1928.

UMBO LAKE

Labda utaniuliza, kimeng'enya ni nini? Tafuna wali mtupu kwa muda mrefu bila kuumeza, utaona unaanza kuwa mtamu. Katika mate mna kimeng'enya kinachokata wanga wa wali kuwa sukari. Basi kimeng'enya ni fundi mdogo sana wa mwilini. Hukata au huunganisha vitu, wala yeye mwenyewe haishi kwa kazi hiyo. Akimaliza kimoja, huenda kwa kingine.

Lisozimu ni fundi wa namna hiyo, naye ameumbwa kwa protini. Mfikirie kama uzi wa shanga. Lisozimu ya mwanadamu ina shanga 130, na ile ya yai la kuku ina shanga 129. Shanga hizo huitwa asidi amino. Lakini uzi huo haukunyoshwa kama mkufu shingoni. Umekunjwa na kuviringwa, ukafungwa mahali panne kwa vifungo vya sulfuri, hata ukawa kitu cha mviringo kama yai. Na ubavuni mwake una ufa mmoja mrefu.

Ni mdogo kiasi gani? Tazama milimita moja katika rula ya mtoto wa shule. Ukiwapanga kwa urefu, mmoja nyuma ya mwenzake, katika milimita hiyo moja wataingia zaidi ya 200,000. Hakuna darubini ya kawaida iwezayo kumwonyesha. Ni mwaka 1965, huko London, ambapo David Phillips na wenzake, miongoni mwao Louise Johnson, walifaulu kulijua umbo la lisozimu ya yai kwa kutumia miale ya eksirei. Katika vimeng'enya vyote vya ulimwengu, hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuonekana umbo lake lote.

Na umbo ndilo kazi yenyewe. Jambo hilo waweza kuliona jikoni. Ute wa yai bibi ni kama maji mazito. Uchemshe, unakuwa mweupe na mgumu, kwa kuwa nyuzi zake zimekunjuka na kushikana ovyo. Shanga ni zile zile, lakini ufa haupo tena, na mlinzi hawezi kazi. Hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko yai bibi.

KAZI YAKE

Sasa tumtazame adui. Kijidudu cha aina ya bakteria kimezungukwa na ukuta, na ukuta huo ni kama nyavu za wavuvi wetu wa Itungi. Nyuzi zake ni minyororo ya sukari za aina mbili, moja baada ya nyingine, na minyororo hiyo imefungwa pamoja kwa vifundo vya protini. Ndani ya kijidudu mna chumvi na vitu vingi vilivyosongamana, kwa hiyo maji ya nje hutaka kuingia daima, kama maji yaingiavyo katika maharage yaliyolowekwa. Ni nyavu hiyo tu inayokizuia kijidudu kisipasuke.

Lisozimu huja, na uzi wa ile nyavu huingia katika ufa wake. Ufa unaenea sukari sita, wala hauzidi. Ndani ya ufa kuna shanga mbili zinazotazamana, ya 35 na ya 53 katika lisozimu ya mwanadamu, nazo ni kama meno mawili ya mkasi. Zinakata uzi mahali sukari mbili zinapoungana. Kisha fundi huachia, akashika mahali pengine, akakata tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijidudu hakiwezi kuziba nyufa zile kwa upesi wa kutosha. Maji yanaingia, kinavimba, kinapasuka, kinakwisha.

Kazi hiyo inafanyika jichoni mwako sasa hivi unaposoma gazeti hili. Kila ukipepesa kope, chozi jembamba hutandazwa juu ya jicho. Katika kila sehemu 100 za protini iliyo katika chozi, sehemu kama 20 hadi 30 ni lisozimu. Vumbi la barabara ya Ipinda, moshi wa jikoni, vidole vya mtoto, vyote huleta vijidudu, na askari huyo huvimaliza bila wewe kuona hata maumivu.

ASIYOYAWEZA

Lakini tusimpe sifa zisizo zake. Kuna bakteria wengi ambao nje ya ukuta wao wana ngozi nyingine inayoificha ile nyavu. Hao hawezi kuwamaliza peke yake. Ndiyo maana katika chozi yuko pamoja na wenzake. Mmoja ni laktoferini, ambayo huwanyima vijidudu madini ya chuma na kuilegeza ngozi ile ya nje, na hapo mkasi hupata njia. Virusi navyo, kama vile vya surua, havina ukuta huo wa sukari, basi mkasi hauna cha kukata. Na kijidudu cha trakoma hujificha ndani ya chembe za ukope, mahali chozi lisipofika.

Tena kuna jambo la kidonda. Ngozi ya juu ya jicho ni nyembamba sana, na ikiwa nzima, vijidudu haviingii. Kapi likiikwaruza, mlango umefunguka. Mara nyingi mlango huo hujifunga wenyewe kwa siku moja au mbili, huku machozi yakilinda. Lakini ukimimina humo maji ya majani yaliyochumwa chini na kutafunwa kinywani, umewaletea walinzi wachache jeshi zima la maadui, wa bakteria na wa kuvu. Na kama majani ni makali, yanauongeza mkwaruzo. Ni kosa lile lile la Boulogne.

Wala si Kyela tu. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya jicho. Watoto 37 katika kila 100 walikuwa wametoka kuugua surua. Na katika sababu za vidonda walikuta upungufu wa vitamini A, virusi, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa jirani zetu wa Malawi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1994 ulikuta ya kuwa wagonjwa wa jicho karibu mmoja katika kila watatu walikuwa wametumia kwanza dawa hizo kabla ya kufika hospitali.

SWALI LA MAMA YANGU

Tuliporudi kutoka hospitali mama hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu jioni aliniita barazani, akaniuliza, “Mwanangu, basi sisi wazee siku zote tulikuwa tukiwapofusha watoto?”

Nilikaa kimya kidogo, maana swali lile lilinichoma. Kisha nikamwambia, “Hapana, mama. Wengi walipona kweli. Lakini tulikuwa hatumwoni aliyewaponya.”

Ndugu msomaji, hilo ndilo neno ninalotaka ulishike leo. Mtoto anaingiwa na vumbi, jicho linakuwa jekundu. Bibi anatia majani. Kesho kutwa jicho ni zima, na nyumba yote inasifu majani. Kumbe aliyefanya kazi ni yule askari asiyeonekana, na alifanya kazi ngumu zaidi kwa sababu ya majani. Hivyo jani likapewa sifa isiyo yake miaka na miaka. Na siku askari aliposhindwa, tulisema ni bahati mbaya. Bibi hakukosa upendo, wala mimi sikukosa elimu. Tulikosa kujua ni nani wa kushukuru.

MAZIWA YA MAMA

Askari huyo yuko pia katika maziwa ya mama. Sisi huku ni watu wa ng'ombe, twapenda maziwa, na wako wanaodhani ya kuwa maziwa ni maziwa. Si hivyo. Maziwa ya mwanamke yana lisozimu zaidi ya mara 1,000 kuliko maziwa ya ng'ombe, ambayo karibu hayana kabisa. Maziwa ya kwanza yale ya manjano, ambayo wengine huyakamua wakayamwaga kwa kudhani ni machafu, yamejaa walinzi wa kila namna. Kuyamwaga ni kuwafukuza askari siku mtoto aingiapo duniani. Na vipimo vimeonyesha kwamba baada ya miezi ya kwanza lisozimu huongezeka katika maziwa ya mama, yaani karibu na wakati ule mtoto aanzapo kutambaa na kutia kinywani kila aokotacho.

Labda mama mmoja atasema, “Basi, kama yana askari, nitamkamulia mtoto maziwa jichoni.” La, mama. Maziwa yana sukari inayolisha vijidudu, nayo huweza kubeba vijidudu vya mkononi na vya ngozi. Mahali pake ni tumboni. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba utakaa ukingoja. Mtoto mchanga akitoa usaha machoni katika siku zake za kwanza, mpeleke zahanati siku ile ile. Uko ugonjwa wa macho ya wachanga uwezao kuharibu jicho kwa siku moja au mbili tu.

TUFANYE NINI

Kwanza, jicho likiingiwa na vumbi au kapi, usilifikiche. Nawa mikono, kisha limwagilie maji mengi yaliyochemshwa yakapoa, au maji safi yoyote yaliyo karibu. Maji hayo huondoa uchafu, na machozi mapya hujaa tena upesi.

Pili, usitie kitu kingine chochote: si majani, si asali, si mkojo, si mate, wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Matone mengine yana dawa ya kutuliza wekundu ambayo huwafunga walinzi mikono, na kidonda huendelea chini kwa chini.

Tatu, kama jicho bado lauma au ni jekundu kesho yake, au mwanga walichoma, au umeona doa jeupe, nenda kwa mganga siku hiyo hiyo. Usingoje mavuno yaishe, wala usingoje siku ya gulio.

Nne, mlishe mtoto. Macho na machozi yahitaji vitamini A. Huku kwetu hatuna udhuru: mawese mekundu yapo, maembe yapo, mapapai na mchicha vipo. Na chanjo ya surua isikose, kwa maana surua ndiyo iliyofungua mlango kwa wengi katika wale watoto 130.

Tano, mnawishe mtoto uso kila siku, nzi wasipate kutua, kwa sababu ya trakoma.

Mvulana wetu sasa yuko shuleni. Anakaa dawati la mbele, upande wa kushoto wa chumba, ili jicho lake zima, ambalo ni la kulia, lipate kuuona ubao wote. Mama yangu bado huchuma majani yake kwa ajili ya kikohozi na tumbo, nami simkatazi. Lakini mtoto wa jirani alipoletwa kwake majuzi na jicho jekundu, alimwosha kwa maji ya chupa ya chai yaliyopoa, akajifunga kanga, akamshika mkono, akampeleka zahanati yeye mwenyewe kwa miguu.

Kaeni salama. Juma lijalo, tukijaliwa, tutaonana tena hapa hapa.